Jicho lako la shabaha ni lipi? Mwongozo kamili wa kulipima na kulipatanisha na mkono wako

Tangu nilipogusia habari ya jicho la shabaha, yaani lile moja, la kulia au la kushoto, linaloongoza unapolenga kitu, ujumbe unaonifikia ni ule ule, maneno tu yanabadilika. "Fundi, asubuhi nimepata kulia, jioni kushoto. Jicho langu kigeugeu?" Mwingine kajipima mezani kwa kidole na glasi ya chai, kapata majibu matatu kwa dakika moja. Mwingine anadai hana jicho la shabaha kabisa.

Nikawaita baadhi yao karakana kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nikakaa kwenye benchi nikiwatazama wakijipima. Macho yao yalikuwa hayana neno. Kosa lilikuwa kwenye kipimo: shabaha imewekwa karibu mno, tundu limekatwa kubwa mno, au mtu kafumba jicho moja kabla hajaanza. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio, robo saa inatosha.

## Kwanza tuelewane

Jicho la shabaha, ambalo wengine huliita jicho kuu au jicho tawala, ni lile ambalo ubongo hulifuata unapolenga kitu. Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6. Kila moja linaona kwa pembe yake, kwa hiyo ukinyoosha kidole kuelekea mnazi ulioko ng'ambo, kidole hakiwezi kukaa kwenye mstari wa macho yote mawili kwa wakati mmoja. Ubongo unachagua mstari wa jicho moja, na wewe huna habari.

Mambo mawili yanawachanganya watu kabla hata hawajaanza.

La kwanza, jicho la shabaha si lazima liwe lile linaloona vizuri zaidi. Mtu anaweza kusoma herufi ndogo kwa jicho la kulia, na bado akalenga kwa la kushoto.

La pili ni mkono. Wengi hujibu kwa kukisia: "Mimi natumia kulia, basi jicho ni la kulia." Hapo ndipo wanapokwama. Takriban theluthi mbili ya watu wana jicho la shabaha la kulia, lakini katika kila watu watatu wanaotumia mkono wa kulia, kama mmoja hivi analenga kwa jicho la kushoto. Kwa wenye shoto hali imekaribia nusu kwa nusu: zaidi kidogo ya nusu yao wana jicho la kushoto, waliobaki wana la kulia.

Sababu iko kwenye waya za kichwani. Mkono wa kulia unaamrishwa na upande wa kushoto wa ubongo, na wa kushoto unaamrishwa na upande wa kulia. Jicho halifuati mpango huo. Kila jicho hupeleka habari kwenye pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo hakuna kamba ya moja kwa moja inayolifunga jicho na mkono wa upande wake.

Mimi mwenyewe ni wa mkono wa kulia na jicho la kushoto. Nilikaa miaka nikikata mbao zinazopinda kabla sijalijua hilo. Nitalieleza mbele, kwenye msumeno.

## Vifaa

- Karatasi ngumu ya ukubwa wa daftari. Ubavu wa boksi la biskuti au la sabuni unatosha. Karatasi laini haifai, inapinda mkononi.
- Sarafu ya shilingi 200 ya kuchorea tundu.
- Mkasi au kisu chenye makali.
- Karatasi nyeupe, na kalamu nene nyeusi ya kuchora shabaha.
- Gundi ya utepe ya kubandikia shabaha ukutani.
- Tepu ya kupimia. Huna, hesabu hatua 7 za mtu mzima za kawaida.
- Penseli na daftari. Usitegemee kichwa, utaona kwa nini.
- Msaidizi mmoja. Ukikosa, kioo cha ukutani.

Kama una miwani ya kuonea mbali, ivae. Miwani ya kusomea ivue, maana itaufanya ukuta uwe ukungu.

## Hatua ya 1: Weka shabaha mbali

Chora duara jeusi lililojaa wino, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Libandike ukutani usawa wa macho yako, kisha rudi nyuma mita 5. Chumba kikiwa kidogo, simama mlangoni au utoke uani. Chini ya mita 3 usishuke.

Hatua hii ndiyo iliyowaangusha wengi, kwa hiyo nakupa hesabu yake. Mkono ulionyooka una urefu wa kama sentimita 65. Shabaha ikiwa mita 5, ukiitazama kwa jicho moja na halafu kwa la pili kupitia tundu lile lile, eneo unaloliona ukutani linahama kwa takriban sentimita 40. Hapo hapana ubishi: jicho moja linaiona shabaha, lingine linaona ukuta mtupu.

Sasa sogea hadi mita 1, kama wanaojipima mezani. Eneo linahama kwa sentimita 3 na ushei tu, na tundu lenyewe linakuonyesha upana wa karibu sentimita 4. Ukibahatisha, macho yote mawili yanaiona shabaha. Ndiyo maana glasi ya chai ilitoa majibu matatu.

Ukipenda kupimia nje, hapa Tanga pako tele. Pale Raskazone mlingoti wa ngalawa iliyotia nanga ni shabaha nzuri kuliko duara langu, kwa sababu ni mwembamba na uko mbali. Nenda alasiri, jua likiwa mgongoni. Asubuhi jua linatoka baharini moja kwa moja usoni, utakunja jicho bila kujijua, na jicho lililokunjwa limeshatolewa mashindanoni. Kisiwa cha Toten usikitumie, ni kipana mno, kitajaa kwenye tundu kwa macho yote mawili.

Tahadhari: usilenge jua, wala mng'aro wake juu ya maji, kupitia tundu lolote.

## Hatua ya 2: Kata tundu, na liwe dogo

Weka sarafu katikati ya karatasi ngumu, izungushie penseli, kata. Tundu moja tu, na kingo zake ziwe safi.

Kijana mmoja aliniletea kadi yenye tundu la kuingia limau, ananiambia macho yake yote mawili ni ya shabaha. Tundu la sentimita 5 mkononi linafungua ukutani eneo la karibu sentimita 40 kwa umbali ule wa mita 5, sawa kabisa na lile eneo linalohama. Kwa hiyo macho yote mawili yanakaribia kuiona shabaha pamoja. Nikamkatia kadi nyingine kwa sarafu. Akapima, akanyamaza, akapima tena. "Kumbe kushoto."

Kama karatasi huna kabisa, kutanisha viganja mbele yako, vidole gumba vipishane, uache upenyo mdogo wa pembetatu katikati. Inafaa, ila watu huupanua upenyo kadiri wanavyohangaika kuitafuta shabaha. Kadi haidanganyi hivyo.

## Hatua ya 3: Nyanyua kadi huku macho yote yakiwa wazi

Simama umeelekea shabaha, kifua na pua vyote mbele. Shika kadi kwa mikono miwili, upande huu na ule, uishushe usawa wa kiuno. Itazame shabaha kwa macho yote mawili. Sasa, bila kuitazama kadi, nyoosha viwiko na uinyanyue kwa mkupuo mmoja hadi shabaha ionekane ndani ya tundu.

Kila kipande cha sentensi hiyo kina sababu yake.

Mikono miwili, kwa sababu ukishika kwa mkono mmoja kadi huvutwa upande wa mkono huo, na unajikuta umepima mkono badala ya jicho. Hili ndilo lililokuwa likiwapa watu jibu la kulia asubuhi na la kushoto jioni: asubuhi kashika kwa mkono wa kulia, jioni ana simu mkono wa kulia, kadi kahamishia kushoto.

Pua mbele, kwa sababu ukitazama kwa pembeni sana, ubongo unaweza kulikabidhi kazi jicho lililo upande huo. Mtu aliyekaa kwenye kiti huku shabaha iko ubavuni kwake atapata jibu la kiti.

Mkupuo mmoja, kwa sababu ukianza kuitafuta shabaha kwa kuyumbisha kadi, akili inaingilia na kuchagua. Tunataka ubongo uchague wenyewe, kabla yako.

Utajua umepatia pale duara jeusi linapokaa ndani ya tundu mara tu mikono inaponyooka, bila kutafuta. Unaweza kuona pia kivuli cha kadi ya pili, kama mzuka pembeni. Hiyo ni picha ya jicho lingine. Iache ilivyo.

## Hatua ya 4: Fumba moja, kisha lingine

Kadi isitikisike. Fumba jicho la kushoto. Shabaha bado ipo? Basi jicho la kulia ndilo lililolenga. Fungua yote mawili, hakikisha shabaha imo, kisha fumba la kulia. Safari hii inapaswa itoweke, ubaki na ukuta mtupu.

Kwa mwenye jicho la kushoto mambo yanageuka: akifumba la kushoto shabaha inapotea, akifumba la kulia inabaki.

Wapo wasioweza kufumba jicho moja bila la pili kufuata. Si ugonjwa. Mtu wa namna hiyo asilazimishe, kwa sababu akikaza uso kichwa kinasogea na kadi nayo inasogea. Msaidizi amzibe jicho kwa kipande cha karatasi, bila kumgusa.

Upo ukaguzi wa pili usiohitaji kufumba. Shabaha ikiwa ndani ya tundu, macho yote wazi, vuta kadi polepole kuja usoni bila kuipoteza shabaha. Kadi itakwenda yenyewe kwenye jicho la shabaha. Wengi hucheka hapa, maana wanaiona mikono yao ikipinda kuelekea upande wasioutarajia.

## Hatua ya 5: Mara 10, na kila mara andika

Shusha mikono, tazama pembeni kidogo, rudia hatua ya 3 na ya 4. Fanya mara 10. Kila mara andika herufi moja: K kwa kulia, S kwa kushoto.

Bila kuandika utakumbuka lile jibu ulilolitaka. Nimelishuhudia. Shangazi mmoja mshonaji alipata S mara nane, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba zimegawana nusu kwa nusu. Nikamwonyesha daftari.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: zikifika 8 upande mmoja, jibu ni hilo. Zikiwa 7, pumzika, rudia kumi nyingine. Zikigawana 5 kwa 5 au 6 kwa 4 hata baada ya kurudia, jicho lako la shabaha halina nguvu sana, na wapo watu wengi wa namna hiyo. Si upungufu. Maana yake tu, kwenye kazi ya kulenga itakubidi uchague jicho moja kwa makusudi na ulizoeze hilo.

## Hatua ya 6: Hakiki kwa msaidizi au kwa kioo

Hatua hii ni kwa ajili ya mkaidi, na sote tumo.

Msaidizi asimame pale penye shabaha, mita 3 hadi 5. Wewe lenga ncha ya pua yake kupitia tundu, macho yote wazi. Yeye afumbe jicho moja, atazame tundu. Ndani yake ataona jicho lako moja. Hilo ndilo. Mwambie asiseme neno mpaka umalize mara tano, halafu mlinganishe na daftari.

Ukiwa peke yako, simama mbele ya kioo na uilenge pua yako mwenyewe. Jicho utakaloliona ndani ya tundu kwenye kioo ndilo la shabaha. Kioo kiwe umbali wa mita 1 na nusu au zaidi, kwa kuwa taswira inakaa mara mbili ya umbali huo. Kuwa mwangalifu na majina tu: jicho linaloonekana upande wako wa kulia kwenye kioo ni la kulia.

## Hatua ya 7: Andika mkono wako, kwa ukweli

Chini ya zile herufi, andika mkono unaotumia kwa kila kazi hizi: kuandika, kukata kwa kisu, kupigilia msumari, kurusha jiwe, kushika mkasi. Usiandike "kulia" moja kwa zote. Kwetu hapa watu wengi wenye shoto walizuiwa utotoni wasile wala kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wanaandika kwa kulia na kurusha kwa kushoto. Kinachotakiwa ni mkono wa kazi ile unayotaka kuirekebisha.

Mkono na jicho vikiwa upande mmoja, mengi yaliyobaki unayafanya tayari bila kujua. Vikipishana, endelea kusoma polepole.

## Hatua ya 8: Panga kazi ifuate jicho

Usijaribu kulibadilisha jicho. Wapo wanaojiziba jicho la shabaha kwa siku nzima wakitumaini lingine litashika nafasi. Kwa mtu mzima hiyo ni njia ya kujikwaa ngazini. Kwa mtoto ni hatari zaidi: kuziba jicho la mtoto ni tiba yenye vipimo na muda wake, na ni kazi ya daktari wa macho peke yake. Kinachosogezwa ni mwili na kazi.

### Msumeno wa mkono

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoteseka.

Mkataji mzuri anapanga bega, kiwiko, kifundo cha mkono na msumeno kwenye mstari mmoja. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mstari huo uko upande wa kulia wa kichwa, karibu na jicho la kulia. Mwenye jicho la kulia anauona mgongo wa msumeno tu, ule ukingo mwembamba wa juu, na mstari wa penseli ukiendelea mbele yake. Mambo yake yamenyooka.

Mimi jicho langu liko upande wa pili wa pua. Nikisimama kama yeye, nauona ubavu wa kushoto wa msumeno. Ubongo hauridhiki, unataka kuona mgongo mtupu, basi mkono unaulaza msumeno kushoto kidogo mpaka ubavu upotee. Machoni msumeno umesimama wima. Kwa kweli umelala. Juu ya ubao mkato unafuata penseli vizuri kabisa. Ukiugeuza ubao, chini umekimbilia kulia. Fundi aliyenifunza alinibadilishia msumeno mara tatu. Nakumbuka mteja mmoja akikipapasa kizingiti kwa kidole gumba: "Mgosi, huu mlango umeukata ukiwa kwenye mtumbwi?"

Dawa yake ni sentimita chache. Mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto apeleke kichwa kulia, mpaka jicho la kushoto likae juu ya msumeno. Pua itakuwa imepita upande wa kulia wa mstari. Shingo igeuke kidogo, bega lisiende nayo. Mwenye shoto na jicho la kulia afanye kinyume chake.

Kabla ya kukata kitu cha mteja, chukua kipande cha mbao chakavu, piga mstari kwa skwea, kata mara tano. Utajua umepatia kwa mambo mawili: wakati wa kukata unauona mgongo wa msumeno bila ubavu wowote, na baada ya kukata, skwea ikisimamishwa kwenye uso uliokatwa haipitishi mwanga chini yake. Siku mbili za kwanza shingo italalamika. Wiki ya pili utakuwa umesahau.

### Kupiga jicho ubao

Unapoangalia kama ubao umenyooka, ncha yake ilete chini ya jicho la shabaha na ufumbe lingine. Vijana wengi huuweka begani upande wa mkono wenye nguvu halafu wanapinda uso kuufuata. Uhamishie upande wa jicho hata kama ni bega lisilozoea. Kamba ya timazi ni hivyo hivyo: simama mpaka kamba ikate katikati ya jicho la shabaha, ndipo uulinganishe ukuta.

### Sindano na cherehani

Hapa watu hukosea kwa kuzidisha. Wakishajua jicho lao, wanafumba lingine ili watunge uzi. Usifumbe. Kutunga uzi kunahitaji ujue sindano iko karibu kiasi gani, na hilo macho mawili hulijua vizuri kuliko moja. Fumba moja uone: uzi unapita mbele ya tundu au nyuma yake, na unaapa kuwa umeingia.

Shikilia sindano mbele ya jicho la shabaha badala ya mbele ya pua, weka kipande cha kitambaa cheupe nyuma yake, kata ncha ya uzi kwa mshazari, kisha tunga macho yote wazi. Yule shangazi wa daftari alisogeza kiti chake kulia kidogo, sindano ya cherehani ikawa mbele ya jicho lake la kushoto. Anasema pindo zake za kanga zimenyooka. Miye nadhani na taa mpya imechangia.

### Manati na upinde

Mvulana jirani yetu alikuwa akilipiga kopo lililotundikwa kwenye mwembe, mita 10 hivi, na kila jiwe linapita kushoto. Kila jiwe, na kila mara kushoto. Kukosa kwa namna hiyo si uzembe, ni jiometri. Mpira kauvutia kwenye shavu la kulia, lakini ile panda ya manati kailinganisha na kopo kwa jicho la kushoto. Jiwe linaanzia kulia kwa mstari wa jicho, linaukata mstari kwenye panda, linaendelea kushoto. Kwa umbali ule linaweza kukosa kwa zaidi ya nusu mita.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mikono, panda ishikwe kwa kulia na mpira uvutwe kwa kushoto hadi shavu la kushoto. Kwa anayejifunza upya ndiyo bora, kwa sababu anabaki na macho yote mawili wazi. Ya pili ni kubaki na mkono uliozoeleka na kufumba jicho la shabaha wakati wa kuachia. Wapiga mishale na bunduki za michezo wenye miwani hutumia kipande cha utepe usiopitisha picha vizuri juu ya kioo cha jicho hilo, wakaendelea na macho wazi.

Tahadhari: jiwe la manati linatoboa jicho. Kopo liwe na ukuta au tuta nyuma yake, na pasiwe na mtu mbele ya mstari, hata pembeni.

### Kamera, hadubini, darubini

Jicho la shabaha kwenye kioo, lingine wazi au limelegezwa. Mwenye jicho la kushoto pua yake itabanwa na mgongo wa kamera. Ndivyo ilivyo. Kwa simu haijalishi.

### Pasipo na haja ya kuhangaika

Kupika, kutembea, kuendesha pikipiki, kusoma. Kuhusu kusoma niseme wazi, maana wazazi wameniuliza: wapo wanaodai mtoto ambaye mkono na jicho vimepishana atakuwa mzito shuleni. Utafiti haujalithibitisha hilo. Mtoto anayeshindwa kusoma apimwe macho na masikio, na usimbadilishe mkono wa kuandikia kwa sababu ya kadi yangu yenye tundu.

## Lini uache kadi uende kwa daktari

Wakati wa hatua ya 4, kama ulipofumba jicho moja lile lililobaki liliona ukungu ambao lingine haliuoni, hilo si suala la jicho la shabaha. Nenda kliniki ya macho upimwe. Na ukiona ghafla kitu kimoja kama viwili, miale ya mwanga, kama pazia linashuka, au jicho limeacha kuona, nenda siku hiyo hiyo.

Ukiandikiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au lenzi za kuvaa juu ya jicho, mwulize daktari jicho gani litapangwa kwa kuona mbali. Kunapowekwa jicho moja kwa mbali na lingine kwa karibu, kwa kawaida lile la shabaha ndilo hupewa mbali, na yeye atakupima kwa njia yake.

Baada ya tiba hiyo, au ukipata miwani mipya, rudia hatua ya 3 hadi ya 6, kwa hiyo kadi usiitupe. Yangu imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana, juu ya boksi la bawaba. Ina doa la mafuta ya chapati pembeni, ila tundu bado ni zima.